Mama Amekuja Kuniona Nikipigana

Leo nimeadhirika, jamani. Mbele ya ukumbi mzima! Masikio bado yanawaka, na si kwa ngumi peke yake.

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia mtaani, maana huko kila mtu atatia chumvi yake. Mimi yangu ni kidogo tu.

Mnanijua. Mwantumu, fundi cherehani, mtoto wa Kiwangwa niliyehamia Bagamoyo mjini. Mpira wa pete nimecheza tangu shule ya msingi, mlinzi wa goli, mikono mirefu kama makasia. Kisha timu yetu ikafa kama zinavyokufa timu nyingi za wanawake. Mmoja akaolewa, mwingine akajifungua, wengine wakapata kazi Dar, tukabaki wachache tunarushiana mpira na kutazamana. Nikakaa nyumbani na cherehani yangu. Nilinenepa, sawa, lakini unene haukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba ikifika alasiri mwili unautaka uwanja na hauna pa kwenda. Nilikuwa na huzuni, nasema kweli.

Siku moja Kocha Shomari, anayefundisha masumbwi mtaa wa pili kutoka kwangu, akapita akaniona naanua nguo.

"Dada, mikono yote hiyo unaianulia nguo tu?"

Nikacheka. Kesho yake nikaenda mazoezini. (Nilimwambia naenda kutazama. Nilikuwa nimeshavaa raba.)

Sasa msidhani kutoka mpira wa pete kwenda kwenye ngumi ni kubadili viatu. Pumzi ninayo. Mbio ninazo. Tatizo ni kwamba mwili wangu umelelewa kwa sheria nyingine. Sisi mwenye mpira tunamlinda kwa mbali, hatua nzima. Kwenye ngumi ukisimama mbali hivyo humpigi mtu, unampepea. Sisi kitu kikirushwa kwako unakidaka. (Jaribuni kudaka ngumi. Jaribuni tu.) Sisi ukitaka kuzuia unanyanyua mikono yote miwili juu kabisa, mpira usifike kwenye pete. Basi kocha kila akininyooshea ngumi, mikono yangu hiyoo, juu, na mbavu zinabaki wazi kama nyumba isiyo na mlango.

"Mwantumu! Hakuna pete huko juu!"

"Najua, kocha."

"Sasa unalinda nini?"

Nikaishusha. Ngumi iliyofuata, hiyoo, juu tena.

Na kubwa kuliko yote, kwenye mpira wa pete kumgusa mtu ni kosa. Ukimgusa, filimbi inalia, na adhabu yake ni kwenda kusimama kando yake, kimya, mikono chini, huchezi mpaka yeye aurushe mpira. Nimesimama kando ya wasichana wa shule zote, kuanzia Lugoba mpaka pwani. Kwa hiyo mazoezini kila nikimgusa mwenzangu pua, mdomo unasema "samahani" kabla sijautuma. Wakaniita Bi Samahani. Wananiita mpaka leo.

Lakini nimeupenda mchezo huu, jamani. Sijui niwaelezeje. Nikivaa zile glovu alasiri, ile huzuni inaondoka. Nalala vizuri. Hata nguo za wateja sikosei vipimo siku hizi.

Shida ikawa mama.

Mama yangu yuko Kiwangwa na mananasi yake. Baba alifariki mimi mdogo, mama akanilea peke yake, na katika miaka yote ya mpira wa pete hakukosa mechi yangu hata ya mazoezi. Sheria za mpira wa pete anazijua kuliko marefa wengine, na marefa hao aliwahi kuwaambia hivyo. Lakini niliposema masumbwi, simu ikawa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Tumu," akasema mwishowe. "Uso huo nimeupaka mafuta ya nazi tangu uko mchanga. Leo unaupeleka ukapigwe?"

"Mama, ni mchezo."

"Mchezo gani watu wanatolewa wamebebwa?"

Nikabembeleza. Nikamweleza habari ya huzuni, habari ya usingizi. Akanisikiliza. Kisha akatoa hukumu.

"Nitakuja nione kwa macho yangu. Nikiridhika, nitakwambia nimeridhika. Nisiporidhika, glovu hizo unazirudisha kwa mwenyewe na hatutalizungumza tena."

Nikakubali. Mimi bila radhi ya mama siwezi kunyanyua hata sindano, sembuse ngumi. Na si kwa kuogopa laana. (Naogopa pia.) Ni kwamba yule mwanamke alikosa mengi ili mimi nicheze, nami siwezi kucheza kitu kinachomliza. Kwa hiyo pambano la leo lilikuwa la kirafiki kwa watu wote isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nalipigania ruhusa ya kuendelea.

Mama akafika asubuhi na basi la Kiwangwa. Khanga moja kiunoni juu ya gauni, ya pili mabegani, na mkononi ndoo yenye mfuniko. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mashavu akayatazama kama anayeyaaga. Nilitamani kulia palepale stendi.

Alasiri tukaenda ukumbini. Mpinzani wangu alikuwa ametoka Chalinze. Anaitwa Mama Hadija, ana mgahawa wake pale malori yanaposimama. Mikono yake imesonga ugali wa madereva kwa miaka, na ilionekana. Alianza na kurusha tufe, akahamia kwenye ngumi kitambo kidogo kabla yangu. Umri ananizidi mbali.

"Kocha," nikanong'ona, "huyu ni mtu mzima."

"Uzito wenu sawa."

"Na umri?"

"Umri haupandi kwenye mizani, Mwantumu. Vaa kofia."

Nikavaa kofia ya kinga juu ya ushungi, nikang'ata kinga ya meno, nikapanda. Kona ya bluu. Mama alikaa mstari wa mbele, ndoo mapajani, midomo inacheza. Alikuwa ananisomea dua. Nilimwona nikaona aibu, sijui kwa nini.

Refa akatuita katikati tugusanishe glovu. Nikamtazama Mama Hadija usoni. Mtu mzima, jamani, mwenye mikunjo ya kucheka pembeni ya macho. Nimelelewa pwani mimi. Magoti yakakunjika yenyewe.

"Shikamoo."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Marahaba, mdogo wangu," akaitikia. "Hujambo?"

"Sijambo. Za Chalinze?"

"Nzuri tu. Mama yule pale ndiye mama yako?"

"Ndiye."

"Mkimaliza salamu mniambie," refa akasema.

Kengele ikalia. Mimi nilikuwa bado najiandaa kumuuliza habari za watoto. Ngumi yake ya kwanza ikanikuta na swali mdomoni.

Raundi ya kwanza sitaki kuikumbuka sana. Mikono ilipanda juu kulinda pete ambayo haipo. Mbavu zikalipia. Mara moja nilijaribu kudaka. (Nilikwishawaambia ni mwili, si mimi.) Kila nikitazama mstari wa mbele namwona mama amefumba jicho moja, lile jingine analo wazi kwa shida. Nikajua glovu zinarudi kwa mwenyewe. Nikaumia kuliko mbavuni.

Kengele. Nikakaa kwenye kigoda. Kocha Shomari anainama aniambie la kufanya, mara naona ndoo inapandishwa ukingoni mwa ulingo. Nyuma ya ndoo, mama.

Amekuja na mananasi! Yamemenywa, yamekatwa vipande, yametiwa chumvi na pilipili kidogo kama ninavyopenda. Kwenye mpira wa pete kila mapumziko alikuwa anatugawia. Kwake yeye mapumziko ni mapumziko.

"Mama, huku hatuli," kocha akasema kwa adabu.

"Kwani mapumziko ni ya nini, mwanangu?"

Kocha akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu. Mama akanishikia kipande mdomoni, kwa sababu mikono yangu ilikuwa kwenye glovu. Nikatafuna. Watu wanapiga picha! Mpinzani wangu kwenye kona nyekundu anaelekezwa mbinu za vita, mimi nalishwa nanasi. Nami nitawaambia kitu, lilikuwa tamu kweli.

"Unaumia?" akaniuliza chinichini.

"Kidogo."

"Unataka kuendelea?"

"Nataka, mama."

Akanipangusa mdomo kwa ncha ya khanga. Kengele ikalia, na hakurudi kukaa. Akabaki palepale, kona ya bluu, na kocha wangu ni mtu wa Bagamoyo, hawezi kumfukuza mama wa mtu.

Raundi ya pili. Nikasema potelea mbali. Nikashusha mikono usawa wa mashavu nilivyofundishwa, nikasogea karibu. Mama Hadija akafungua mlango kidogo tu, mkono wangu wa kushoto ukanyooka, ukafika. Pwaa! Katikati ya uso. Kichwa kikarudi nyuma. Ngumi safi, ya kwanza safi maishani mwangu!

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoumbuka.

Miguu yangu haikunishauri. Ilinichukua mpaka ubavuni mwa Mama Hadija, ikanisimamisha bega kwa bega naye, uso mbele, mikono chini, kimya. Natumikia adhabu. Nimemgusa mtu, nasubiri aurushe mpira.

Refa akanitazama. Mama Hadija akageuza shingo akanitazama, tumesimama kama mashahidi wawili wa harusi.

"Una nini?" akaniuliza, tena kwa upole.

"Nimekugusa," nikamjibu.

(Nimekugusa! Kwenye masumbwi!)

Akamtazama refa. Refa akainua mabega. Basi Mama Hadija, kwa masikitiko kabisa, nililiona sikitiko lenyewe, akanizaba moja ya sikio.

Kicheko mnachokijua nyinyi si kicheko. Mtu mmoja alitoka nje akichekea ukutani. Muuza karanga aliweka sinia chini. Nami nilikuwa nimeshikilia kamba, sikio linapiga kelele, machozi yamekaribia, nawaza nimalizie hapa, nishuke, nirudi kwenye cherehani nisionekane tena.

Ndipo nikasikia sauti ya mama. Ukumbi mzima ni yeye peke yake aliyeelewa nilichokuwa nafanya. Amenitazama nikisimama kando za watu tangu nina meno ya utoto.

"Tumu! Hapa hakuna filimbi! Huna kosa, mwanangu! Huna kosa! Mpige!"

Nikageuka. Amesimama wima, mkono mmoja kwenye kamba ya ulingo, macho yote mawili wazi.

Sijui nyinyi mngefanyaje. Mama yangu, aliyenifundisha kuomba radhi kabla ya kula, ananiambia mbele ya watu kwamba sina kosa. Nilihitaji kulisikia hilo na sikujua. Nikavuta pumzi, nikarudi kati.

Raundi ya tatu nilipigana, jamani. Waulizeni waliokuwepo. Sikuomba samahani hata moja. (Moja. Kimoyomoyo.) Mama Hadija alinipa zake nami nikampa zangu. Mara nikamwona ameshusha mkono wa kulia, nikaingia na kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Akarudi nyuma mpaka kwenye kamba. Magoti yakamlegea! Ukumbi ukasimama! Kocha Shomari anapiga sakafu kwa kiganja, "Mfuate! Mfuate!" Nami namfuata, na kweli sijawahi kuwa na furaha vile tangu timu yetu ife.

Kikapigwa kigelegele.

Kile kigelegele nakijua. Kirefu, kinapanda juu, kisha kinakatika ghafla, kwa sababu mwenyewe amekumbuka jambo lingine la kufanya. Mnajua mambo ya kwetu. Mtoto akicheza vizuri ngomani, mama hawezi kukaa na khanga mabegani. Anaivua anamrushia. Anamtunza mwanawe mbele ya watu, kila mtu ajue ni wa nani.

Mama akaivua. Mama akairusha.

Ikapaa juu ya kamba imejikunjua yote, nyekundu na nyeupe, nzuri ajabu, ikatua katikati ya ulingo, miguuni pa refa.

Sasa refa yule hakulelewa na mama yangu. Alichoona yeye ni kitambaa kimerushwa kutoka kona ya bluu. Na kwenye masumbwi kona ikirusha taulo ulingoni, maana yake ni moja: bondia wetu tumemtoa, simamisha. Akanyanyua mikono, akaipunga, akasimamisha pambano.

Nilidhani nimeshinda. Niliruka juu! (Kuna video. Msiitafute.)

"Kona ya bluu imesalimu amri," refa akatangaza.

Kocha Shomari akapanda ulingoni mbio. "Refa! Hiyo khanga!"

"Naiona."

"Khanga si taulo!"

"Imetoka kona yako au haikutoka?"

"Imetoka, lakini mama anamtunza mwanawe! Amefurahi!"

"Nami nimefurahi," refa akasema. "Pambano limekwisha."

Mama huku chini hasikii hata kimoja, anaendelea na vigelegele, na kinamama wengine wameshampokea. Mimi nimesimama katikati, sijui nicheke au nilie, nikachagua vyote viwili. Ndipo Mama Hadija akajitoa kwenye kamba, akainama polepole na mbavu zake zinazomuuma, akaiokota khanga. Akaikung'uta vumbi. Akaja akanivika mabegani, akaifunga fundo kifuani, kwa glovu, kwa taabu.

"Umetunzwa, mdogo wangu," akasema. "Mimi nilipoanza ngumi mama yangu alininunia mpaka anaingia kaburini."

Nikamkumbatia. Nikalia begani kwake na kinga ya meno ikadondoka. Refa akatutenganisha kwa kazi yake, akaushika mkono wa Mama Hadija, akaunyanyua juu. Mshindi, kona nyekundu! Nami niliyeshindwa nimesimama pembeni nimevishwa khanga kama mwari.

Nikashuka nikiwa nimejiandaa. Nitamwambiaje mama kwamba nilikuwa nashinda, na kwamba yeye ndiye aliyefanya nishindwe?

Akanipokea kwa mikono miwili. Akanishika mashavu, yale yale, akayageuza kulia na kushoto. Yalikuwa yamevimba.

"Wamefanya vizuri," akasema.

"Nani, mama?"

"Hao waamuzi. Kumnyanyua mkono yule mama wa watu. Ni mtu mzima, umemtesa vile, lazima wampe heshima yake asijisikie vibaya. Wana adabu."

Kocha Shomari akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Akaufunga.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Wana adabu."

Tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye kabeba ndoo, mimi nimevaa khanga yangu. Tukafika mlangoni. Hapo akasimama. Moyo wangu ukasimama naye.

"Sikupenda ulipopigwa," akasema. "Sitakudanganya. Kila ngumi iliingia kwangu kwanza. Lakini nimekuona usoni, Tumu. Uso ule sijauona tangu mpira uishe. Nimeridhika. Pigana."

Siwezi kuwaandikia nilivyojisikia. Niliinama nikambusu mikono, akanisukuma akaniambia nikakande hilo sikio kwa maji ya moto.

Sasa hivi yuko barazani, anampigia simu shangazi Lugoba. Anapaza sauti kama simu haina kazi. "Kamshinda! Mtu mzima, mwenye mgahawa! Mpaka kaning'inia kwenye kamba!" Ameniahidi kwamba pambano lijalo atakuja na khanga mpya, tena doti nzima, atarusha zote mbili. Nimempelekea Kocha Shomari habari hiyo. Amejibu kwamba hakuna neno, mama aje tu, ila safari hiyo kiti chake kitakuwa kona ya mpinzani.

Mimi nichekeni mnavyotaka, nimeshazoea. Lakini mkikutana na mama mpeni hongera ya ushindi, na atakayethubutu kumwambia ukweli, huyo ndiye nitakayepigana naye mwezi ujao.